Bildad Kaggia na Kiti cha Kandara

Yako maswali ambayo wananchi huyauliza kwa sauti kubwa siku za uchaguzi, na yako mengine ambayo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya masanduku ya kura kwisha kufungwa. Moja la namna hii ya pili ni hili: katika miaka iliyo kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, kiti cha Bunge ni cha nani? Je, ni cha yule anayekikalia, au ni cha chama kilichomdhamini, au ni cha wale waliosimama juani wakamtumbukizia kura zao?

Wenzetu wa Nakwa, katika Mji wa Babati, hawahitaji kuambiwa kwamba swali hili si la vitabuni. Mwaka 2018 kiti cha Babati Mjini kilibaki wazi katikati ya muhula, si kwa kifo wala kwa hukumu ya mahakama, bali kwa sababu mwenye kukikalia alikihama chama kilichomwingiza Bungeni. Ikabidi uitishwe uchaguzi mdogo, na mjumbe yule yule akarudi katika kiti kile kile kwa jina la chama kingine. Hatuandiki leo ili kumsifu wala kumlaumu mtu ye yote katika jambo hilo. Twaandika kwa kuwa swali lenyewe ni kongwe kuliko sisi tulio wengi, na katika nchi hizi zetu za Afrika ya Mashariki yuko mtu mmoja aliyelilipia kwa gharama kubwa. Mtu huyo ni Bildad Kaggia wa Kenya, aliyefariki dunia mwezi wa Machi, 2005. Vijana wetu wengi hulisikia jina lake kama moja tu katika orodha ya majina sita ya Kapenguria. Yatupasa kumjua zaidi ya hapo.

MTOTO WA MISHENI

Bildad Kaggia alizaliwa Dagoretti, karibu na Nairobi, mwaka 1921, wa jamaa iliyotoka Murang'a. Alipata elimu yake katika shule ya misheni ya Kahuhia, na kama ilivyokuwa kwa vijana wengi wa wakati ule waliojua kusoma na kuandika Kiingereza, alipotoka shuleni akawa karani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya huko Fort Hall, mji ambao leo unaitwa Murang'a. Hapo ndipo alipoanza kuuona utawala wa kikoloni kutoka ndani: jinsi amri zinavyotoka, jinsi kodi inavyokusanywa, na jinsi Mwafrika anavyotajwa katika karatasi za serikali.

Vita Kuu ya Pili ilipofika aliingia jeshini. Jeshi lilimpeleka Mashariki ya Kati, kisha likamfikisha hata Uingereza yenyewe. Watu wengi wamekwisha kueleza yale ambayo vita ile iliwafundisha askari Waafrika: ya kwamba Mzungu hufa kwa risasi kama mtu mwingine, na ya kwamba huko kwao wako Wazungu maskini wanaofagia barabara. Kaggia aliyaona hayo, lakini aliona na jambo jingine lililomgusa zaidi, kwa kuwa alikuwa mtu wa dini. Aliyaona makanisa ya nchi za mbali na namna zake nyingi za ibada, akatambua kwamba mengi aliyofundishwa shuleni kuwa ni amri za Mungu yalikuwa ni desturi za Kiingereza tu.

Aliporejea nyumbani mwaka 1946, hakukaa kimya. Alijitenga na kanisa la misheni, akaanza kuhubiri huko Murang'a kwamba Mwafrika aweza kumwabudu Mungu bila kupitia mlango wa Mzungu. Wafuasi wake wakaongezeka, na watu wakauita mwendo huo Dini ya Kaggia. Twalitaja jambo hili kwa sababu lafunua tabia ya mtu. Tangu ujana wake Kaggia alikuwa na desturi moja ambayo haikumwacha mpaka kufa: akisadiki jambo kuwa ni kweli, hulisema, hata likimtoa katika nyumba aliyolelewa.

KARANI KATIKA CHAMA CHA WAFANYAKAZI

Alihamia Nairobi, akafanya kazi ya karani katika benki. Nairobi ya miaka ile ilikuwa mji wa vipande viguvu na dhaifu: Wazungu walikuwa na vilima vyao, Wahindi na maduka yao, na Waafrika na vyumba vyao vya kubanana upande wa mashariki, na kila mmoja akitembea na kipande chake mfukoni, asije akakamatwa. Katika hali hiyo Kaggia akaingia katika chama cha wafanyakazi, akawa kiongozi wa chama cha makarani na wafanyakazi wa biashara. Alijiunga na Fred Kubai na Makhan Singh, watu waliotaka vyama vya wafanyakazi vya Afrika ya Mashariki viwe kitu kimoja.

Mwezi wa Mei, 1950, Kubai na Makhan Singh walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Mgomo ule ulivunjwa kwa nguvu, na Makhan Singh akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka kumi. Walakini waliobaki hawakurudi nyuma. Mwaka 1951 wao, Kaggia akiwamo, walishika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Kubai akawa mwenyekiti, na Kaggia akawa katibu. Tangu hapo siasa ya Kenya haikuwa tena ya kupeleka maombi kwa adabu na kungoja majibu ambayo hayaji. Mbele ya macho ya serikali Kaggia alikuwa mtu wa chama cha siasa na cha wafanyakazi. Mbali na macho hayo alikuwa miongoni mwa waliouongoza mwendo wa kiapo, ambao wakoloni waliuita Mau Mau.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, ilipotangazwa hali ya hatari, alikamatwa. Alishitakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Tarehe 8 Aprili, 1953, walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, mahali ambapo jua na upepo wa mchanga vilikuwa walinzi kabla ya askari. Kifungo kilipokwisha kikafuatwa na kizuizi, hata Kaggia akapata uhuru wake mwaka 1961. Alikuwa ametoka Nairobi akiwa kijana wa miaka thelathini na mmoja. Alirudi akiwa na miaka arobaini.

AHADI YA ARDHI

Katika uchaguzi wa Mei, 1963, watu wa Kandara, katika Murang'a, walimchagua Kaggia awe mjumbe wao kwa jina la KANU. Yafaa msomaji ajue jinsi Bunge lile lilivyokuwa, kwa kuwa halikuwa na nyumba moja kama letu. Lilikuwa na mabaraza mawili. Juu ilikuwapo Seneti yenye maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja kwa Nairobi. Chini lilikuwapo Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 117 waliochaguliwa na wananchi katika majimbo yao, na wengine 12 waliochaguliwa na Baraza lenyewe. Katika Baraza hilo la chini ndipo ilipokaa serikali, na ndipo Kaggia alipoketi, akiwa pia msaidizi wa Waziri wa Elimu.

Wapiga kura wa Kandara walikuwa na haja nyingi, lakini haja iliyozipita zote ni ardhi. Wako waliokuwa wamekwenda msituni au kizuizini, na waliporudi wakakuta mashamba yao yamekwisha kugawanywa katika ule mpango wa kuunganisha ardhi uliofanywa wenyewe wakiwa hawapo. Wako waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi, wasio na hata kiwanja cha kaburi. Kwa watu hawa uhuru haukuwa bendera wala wimbo. Uhuru ulikuwa ni shamba.

Serikali mpya ilikuwa na mpango wake. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha zilizokopwa nje, nyingi zikitoka Uingereza, na wananchi wakapewa vipande vyake kwa mkopo watakaoulipa kwa miaka mingi. Huo ndio mpango uliojulikana kwa jina la ekari milioni moja. Wenye kuutetea walikuwa na hoja zao, nasi hatutazificha: waliogopa kwamba ardhi ikichukuliwa bila malipo, mazao yatapungua, wenye mitaji watakimbia, na serikali changa itakosa fedha za kuendesha shule na hospitali.

Kaggia hakukubali. Alisema kwamba ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu haiwezi kununuliwa tena na yule aliyenyang'anywa. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, waliopigania uhuru wafikiriwe kwanza, na uwekwe mpaka wa ukubwa wa shamba ambalo mtu mmoja aweza kumiliki. Alipinga kufukuzwa kwa maskwota. Alisema hayo katika Baraza na nje ya Baraza, naye angali mtu wa serikali. Mwezi wa Mei, 1964, Mzee Kenyatta alimwandikia barua ya kumwonya. Mwezi uliofuata Kaggia hakuwa tena katika cheo chake serikalini. Alibaki na kitu kimoja tu, nacho ni kiti cha Kandara.

Hapo ndipo tunapoanza kuona thamani ya kiti. Mtu aliyenyang'anywa cheo aweza kunyamaza ili akirudishiwe, na wengi hufanya hivyo. Kaggia alikaa katika viti vya nyuma akaendelea kuuliza juu ya ardhi, kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1965 Mzee Kenyatta alikwenda Kandara kwenyewe, akamsuta mbele ya watu waliomchagua. Aliwataja wenzake waliokuwa pamoja gerezani, akaeleza jinsi walivyopata mashamba na nyumba, kisha akamwuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Wapo waliocheka siku ile. Walakini kadiri miaka inavyopita, swali lile limekuwa sifa kwa aliyeulizwa kuliko kwa aliyeuliza. Mjumbe aliyekwenda Bungeni miaka miwili akawa hana cha kuonyesha kwake mwenyewe, huenda alikuwa akitumia wakati wake kwa haja za wengine.

SHERIA YENYE MLANGO MMOJA

Sasa tufikie lile jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika uchaguzi wa 1963 chama cha KADU kilikuwa kimeingia Bungeni kuwa upande wa upinzani, kikiongozwa na Ronald Ngala. Mwezi wa Novemba, 1964, KADU ilijivunja, na wajumbe wake wakavuka sakafu wakaketi na serikali. Wananchi waliokuwa wamewapigia kura ili waipinge KANU waliamka siku moja wakawakuta wajumbe wao ni wa KANU. Hakuna uchaguzi mdogo ulioitishwa. Hakuna sheria iliyotungwa. Hakuna aliyewarudisha majimboni wakaulize kama wenye kura wameridhika. Ilisemwa kwamba ni umoja wa taifa, na mambo yakaishia hapo.

Miezi kumi na sita baadaye watu wakahama kwa upande wa pili. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi wa Machi, 1966, cheo cha makamu wa rais wa chama kiligawanywa katika vipande vinane, ili Oginga Odinga aondoke. Kaggia alichaguliwa kwanza kuwa makamu wa jimbo la Kati, uchaguzi ukarudiwa, na safari ya pili cheo kikaenda kwa James Gichuru. Mwezi wa Aprili Odinga alijiuzulu katika serikali. Yeye, Kaggia na wajumbe wengine wa mabaraza yote mawili wakatoka KANU, wakajiunga na chama kipya cha KPU. Odinga akawa rais wake, na Kaggia makamu wake.

Hapo sheria ikapatikana, na ikapatikana upesi. Bunge liliitwa mwishoni mwa mwezi ule ule wa Aprili, na katiba ikageuzwa kwa haraka ambayo haikuonekana katika mambo ya ardhi. Ikaamriwa kwamba mjumbe aliyechaguliwa kwa msaada wa chama, akikitoka chama hicho nacho kingali kiko Bungeni, atapoteza kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Msomaji na aangalie vizuri lile sharti la chama kuwa kingali kiko. KADU haikuwapo tena. Basi waliovuka sakafu mwaka 1964 hawakuguswa na sheria. Waliotoka mwaka 1966 ndio iliowakamata. Sheria ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifunguka kuelekea serikalini.

Viti 29 vikawa wazi: 19 vya Baraza la Wawakilishi, na 10 vya Seneti. Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Juni, 1966, na kwa wingi wa viti hivyo watu wakauita Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU ilikuwa chama cha wiki chache, haina fedha, na vibali vya mikutano yake vilikuwa vigumu kupatikana. Watumishi wa serikali katika wilaya nyingi walijulikana wako upande gani. KPU ilipata viti 7 vya Baraza la Wawakilishi na 2 vya Seneti. Odinga alirudi kutoka Bondo. Achieng Oneko alishindwa Nakuru. Na huko Kandara, Bildad Kaggia, mtu wa Kapenguria, mtetezi wa wasio na ardhi, alishindwa.

Kwa nini watu wa Kandara walimwacha? Twaweza kulaumu vikwazo, na vikwazo vilikuwapo. Lakini si haki kudhani kwamba wapiga kura ni watoto. Waliambiwa kwamba jimbo litakaloipinga serikali halitapata barabara wala shule, nao walizihitaji barabara na shule. Waliambiwa kwamba Kaggia amekwenda kumfuata kiongozi wa kabila jingine, na maneno ya kabila hupata masikio mahali po pote palipo na hofu. Tena walikuwapo ambao walimpenda Kaggia, walakini walimheshimu Mzee Kenyatta zaidi. Mtu aweza kuwa na haki katika neno lake na bado akashindwa katika kura. Kaggia aliyapokea matokeo, akaendelea na kazi ya chama chake nje ya Bunge.

Lakini tusiondoke kwenye mwaka 1966 bila kulitazama jambo moja zaidi. Kabla mwaka haujaisha, Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi vikawa Bunge moja, na muda wa wajumbe wote ukaongezwa. Uchaguzi mkuu haukufanyika tena mpaka Desemba, 1969, miaka sita na nusu baada ya ule wa kwanza. Katika mwaka mmoja, basi, Bunge lile liliwarudisha kwa wapiga kura wale 29 waliotoka katika chama cha serikali, na likawaongezea muda wengine wote wasirudi kwa wapiga kura upesi. Jambo hili laeleza yote, wala halihitaji maneno makali.

MIAKA YA MWISHO

Kaggia hakuketi tena Bungeni maisha yake yote. Mwaka 1968 alishitakiwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali huko Nyanza ya Kusini, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kisha kikapunguzwa kikawa miezi sita. Hivyo aliyefungwa na wakoloni alifungwa tena na nchi aliyoipigania. Mwaka 1969 alitoka KPU akarudi KANU, na miezi michache baadaye KPU yenyewe ilipigwa marufuku. Wako waliomlaumu kwa kurudi. Sisi twaona kwamba alikuwa amechoka, na kwamba mlango wa kusema neno lake ulikuwa umebaki mmoja tu. Serikali ilimpa uenyekiti wa bodi ya pamba, naye akaitumikia.

Mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, kinachosimulia habari tangu kuzaliwa kwake mwaka 1921 hata mwaka 1963. Anayekisoma huona kwamba simulizi lake laishia hapo uhuru ulipofika; yaliyofuata hakuyaandika humo. Alirudi katika maisha ya kawaida, akawa na mashine ya kusaga unga, akaishi kama wanavyoishi majirani zake. Miongoni mwa wale sita wa Kapenguria wapo waliokuwa matajiri, na mmoja akawa Rais. Kaggia alikufa mwaka 2005 akiwa na mali kidogo na jina safi. Yule aliyeulizwa mwaka 1965 amejifanyia nini hakupata kulijibu swali hilo kwa mashamba.

TUNAJIFUNZA NINI

Sasa turudi kwa wenzetu wa Nakwa, na kwa wanachama wa vyama vyote wasomao ukurasa huu. Katiba yetu yasema kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, hupoteza kiti chake. Twaona kwamba sheria ya namna hii ina haki ndani yake. Mtu aliyeombewa kura kwa jina fulani, na kwa ahadi fulani, asiligeuze jina hilo mfukoni mwake bila kurudi kwa wenye kura. Kama Kaggia na wenzake waliamriwa kurudi, si vibaya kwamba waliamriwa. Ubaya ni kwamba waliovuka kwa upande wa pili hawakuamriwa. Sheria ya viti haina budi kuwa mizani, na mizani haimjui mwenye gunia.

Lakini sheria peke yake haitoshi, kwa kuwa kiti hakina mmoja tu mwenye kukidai. Wazee wa huku wanayo kumbukumbu yao. Katika uchaguzi wa Agosti, 1960, Babati ikiwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Mbulu, TANU ilichukua viti 70 katika 71 vya Tanganyika nzima. Kiti kimoja kilichobaki ni cha Mbulu. Chama kilikuwa kimemsimamisha Chifu Amri Dodo; wananchi wakamchagua Herman Sarwatt, mwenyewe pia mwanachama wa TANU, aliyejisimamisha peke yake. Wananchi wale hawakuikataa TANU wala uhuru. Walikuwa wanakumbusha tu kwamba chama hupendekeza, na mwenye kura ndiye anayechagua.

Jambo hili chama hulisahau kwa urahisi. Mwaka 1968 wabunge kadhaa wa Tanzania walifukuzwa katika TANU, na kwa kufukuzwa huko viti vyao vikapotea. Yawezekana walikuwa na makosa, yawezekana hawakuwa nayo. Wapiga kura waliowatuma hawakuulizwa kwanza. Mjumbe akijua kwamba kikao kimoja chaweza kumvua kiti, ataanza kukiangalia kikao na kuwapa kisogo wale waliomtuma. Na mjumbe mwenye hofu ni hasara kwa chama chenyewe, maana hatakiambia chama ukweli siku kinapouhitaji.

Basi yatupasa sisi wanachama na wafanyakazi tusiiache kazi ya kumsimamia mjumbe mikononi mwa sheria na vikao vya juu. Miaka iliyo kati ya uchaguzi na uchaguzi ni mali yetu. Mjumbe aitwe katika mikutano ya mtaa na ya tawi, aulizwe habari za ardhi, za maji, za mishahara na za bei ya mahindi, naye ajibu. Asiporudi kwetu mpaka siku ya kampeni, kosa si lake peke yake. Na akitokea mjumbe anayesema neno letu kiasi cha kupoteza cheo chake, tumtambue kabla hajapoteza na kiti. Watu wa Kandara waliambiwa wachague kati ya barabara na mtetezi wao. Mwananchi wa nchi huru asiambiwe achague hivyo, kwa kuwa barabara ni kodi yake na mtetezi ni kura yake, na vyote viwili ni haki yake.